Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: Kijana Akope, Lakini Kwanza Aulizwe

Kwa: Dkt. Kamau Thugge, Gavana, Benki Kuu ya Kenya, Nairobi
Kutoka: Sindo, Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay

YAH: MIKOPO YA SIMU KWA VIJANA

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kutoka Sindo, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana cha kina mama, wengi wetu wauzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani. Daftari la kikundi hukaa kwangu, kwa hiyo habari za nani anadaiwa na anadaiwa nini hunifikia mapema. Zamani habari hizo zilihusu mahitaji ya kina mama wenyewe: karo ya shule, mabati, dawa. Siku hizi mama huja kukopa kikundini ili alipe deni la simu la mtoto wake. Mtoto mwenyewe ana miaka kumi na tisa au ishirini na mmoja, kitambulisho chake bado kinang'aa, na deni limemfikia kabla ya kazi yake ya kwanza.

Mijini watu hubishana kama kijana wa umri huo anafaa kupewa kadi ya mkopo ya benki. Kwa kadi hiyo benki hutaka hati za mshahara na taarifa za akaunti, na mvuvi wa Sindo hana hata moja kati ya hizo. Lakini mkopo anao. Mikopo ya simu ya M-Shwari ilianza Novemba 2012, KCB M-Pesa ikafuata mwaka 2015, Fuliza ikazinduliwa Januari 2019, na programu nyingine za mikopo zikajaa simuni. Laini ya simu ndiyo kadi ya mkopo ya kijana wa huku. Aliipata bila kukanyaga benki na bila kukaa mbele ya mtu yeyote wa kumwuliza neno.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kijana akope. Lakini kwanza aulizwe anapata nini na anapata lini, na mkopeshaji asiyeuliza, hasara iwe yake.

Nasema akope kwa sababu naijua hali ya asiye na pa kukopa. Huku ardhi imeandikwa majina ya kina baba na kina babu, mengine ya babu aliyekufa kabla mjukuu hajazaliwa. Msichana wa miaka ishirini hana hati ya shamba ya kuweka rehani, wala hatarajii kuwa nayo. Mkopo wa simu ulikuwa mlango wa kwanza ambao haukumwuliza baba yake ni nani. Kuna binti ambaye hukutana nami ufuoni boti zikifika. Alfajiri hukopa shilingi mia kadhaa, hununua omena mbichi, huianika juu ya nyavu kuukuu, na jua likiwa kali, jioni huwa amekwisha kuiuza kwa kipimo cha gorogoro na kurudisha pesa za watu. Kwa nidhamu ya kulipa, anawashinda wanaume wenye mvi ninaowajua.

Anayetaka vijana wazuiwe kukopa anamfungia binti huyo kwanza. Naye akifungiwa simu hataacha kukopa. Atakwenda kwa tajiri wa ufuoni, ambaye humkopesha mtu kwa sharti la kumwuzia yeye peke yake, kwa bei anayoipanga yeye mwenyewe. Hilo tulikuwa nalo kabla ya simu na hatulitamani tena.

Ziwa lina kalenda yake

Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, omena hukusanyika kwenye mwanga, wavu huvutwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haisaidii kitu, na boti hupumzika ufuoni kwa siku kadhaa hadi giza lirudi. Juu ya hayo kuna msimu wa kufunga uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi Julai, ili samaki wazaliane. Na mvuvi wa botini hana mshahara. Mafuta na gharama nyingine zikishaondolewa, kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye boti na wavuvi wake. Wiki hii kijana ana pesa za kununulia nyumba nzima chakula, wiki ijayo hana nauli ya kumfikisha Mbita. Ukishuka kusini hadi Karungu na Sori, ukaingia kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder huko Migori, utakuta vijana wengine ambao kipato chao huja na kupotea vivyo hivyo.

Mkopo wa simu haujui lolote kati ya hayo. Unachojua ni siku thelathini. Mashine hupima uwezo wa kijana kwa pesa zilizopita kwenye laini yake, na katika wiki za giza pesa nyingi hupita. Baadhi si zake: ni za mwenye boti aliyemtuma mafuta, ni za mnunuzi wa mjini aliyelipia magunia kupitia kwake. Mashine haitofautishi. Inaona pesa zikipita, inamwongezea kiwango cha kukopa, inamtumia ujumbe wa kumpongeza. Kisha mbalamwezi inafika, ama Aprili inafika, na kijana anabaki na kiwango cha mtu mwenye kipato ambacho yeye hakuwahi kuwa nacho.

Siku moja ya mbalamwezi nilimkuta kijana ameketi ubavuni mwa boti iliyovutwa nchi kavu, akimsihi mnunuzi amalizie deni la magunia ya wiki iliyopita kwa pesa taslimu. Mnunuzi alikuwa na pesa simuni tu. Kijana akataja nambari ya rafiki yake. Nilipomwuliza sababu, alinigeuzia simu yake, kioo kimepasuka kutoka pembe hadi pembe, nikasoma ujumbe wa wakopeshaji watatu, mmoja chini ya mwingine. Akaniambia, "Mama, zikiingia kwangu zinaliwa zote. Na nyumbani hawajala."

Kijana huyo hakuwa mkaidi. Alikuwa amelipa mara nyingi, ndiyo maana kiwango chake kilipanda. Alichokosa ni siku ya kulipa inayolingana na siku ya kupata. Sasa amejifunza kuificha pesa yake halali, na mkopeshaji naye atamwandika kuwa mtu asiyelipa.

Pesa za matanga

Hata kikundi chetu kimeguswa. Tulifiwa, tukamchagua kijana mwaminifu apokee michango ya matanga kwa laini yake, kwa kuwa vijana ndio hodari wa simu. Michango ilipoanza kuingia, huduma ya mkopo aliyokuwa amejiunga nayo ikajikatia deni lake, kama masharti yake yanavyoiruhusu. Tulipoketi kuhesabu, pesa za jeneza zilikuwa zimepungua. Kijana hakuiba hata senti, lakini aliitwa mwizi mbele ya wazee, na sisi tukachanga upya. Deni lilikuwa baina yake na mkopeshaji. Waliolilipa ni majirani waliotuma shilingi hamsini hamsini ili mwenzao azikwe kwa heshima.

Anayeanza ndiye anayelipa zaidi

Mheshimiwa Gavana, niruhusu niweke hesabu mezani, kwa sababu kwenye bei ndipo kijana anapoumia bila kujua.

Chukua Fuliza, ambayo bei zake zilitangazwa hadharani. Kwa punguzo la Oktoba 2022, aliyekopa kati ya shilingi 101 na 500 hutozwa shilingi 3 kwa siku baada ya siku tatu za mwanzo ambazo ni bure. Aliyekopa kati ya 2,501 na 70,000 hutozwa shilingi 25 kwa siku. Naiacha kando ada ya mwanzo ya asilimia 1, pamoja na kodi. Aliyekopa 500 akakaa nazo siku thelathini atatozwa shilingi 81, yaani zaidi ya asilimia 16 kwa mwezi mmoja. Aliyekopa 70,000 kwa siku hizo hizo atatozwa shilingi 750, asilimia 1 na kidogo.

Kiwango cha shilingi mia tano ni cha kijana anayeanza. Kiwango cha elfu sabini ni cha mtu mzima mwenye kipato kinachoonekana. Mdogo analipa mara kumi na tano ya mkubwa kwa kila shilingi anayoishika. Sibezi punguzo lile. Zile siku tatu za bure ziliwafaa sana wanaokopa asubuhi na kurudisha kesho yake, na ninawashukuru waliozileta. Lakini aliyekwama kwa sababu mwezi umeangaza, yeye ndiye anayebebeshwa mzigo.

M-Shwari nayo ilianza na ada ya asilimia 7.5 kwa siku thelathini. Kwa mkopo wa shilingi 2,000 hiyo ni shilingi 150, na mtu huona ni kidogo. Akilipa na kukopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa ametoa shilingi 1,800 za ada peke yake, karibu sawa na zile elfu mbili, na mwisho wa mwaka bado hana elfu mbili zake. Katika vyama vingi vya akiba na mikopo (Sacco) mwanachama amezoea kulipa asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalobaki.

Utaniuliza kuhusu kikundi chetu, na ni haki yako. Sisi hutoza asilimia 10 kwa mwezi. Tofauti ni kwamba faida hiyo hugawanywa mwisho wa mwaka kwa wanachama wale wale walioilipa. Na kabla hatujatoa hata shilingi elfu moja huwa tunauliza: pesa ni za nini, za kulipia zitatoka wapi na lini, nani anakudhamini. Anayetegemea omena tunampangia alipe boti zikirudi majini. Haya tunayafanya chini ya mwembe kwa daftari na kalamu. Kampuni zenye kompyuta na wasomi haziwezi kushindwa nayo.

Serikali ilipozindua Hazina ya Hustler tarehe 30 Novemba 2022, ilionyesha kwamba simu inaweza kukopesha kwa bei ndogo. Kwa asilimia 8 kwa mwaka, shilingi 500 kwa siku 14 hugharimu kama shilingi moja na nusu. Hata hivyo wengi hawakulipa, na serikali yenyewe imelikiri hilo. Funzo ninalolipata ni kwamba bei nafuu peke yake haitoshi. Pesa zilitolewa bila swali, na wengi wakazipokea kama zawadi. Mtu huheshimu deni aliloliomba, akalieleza, akakubaliana na mwenziwe siku ya kulilipa.

Ofisi yako imefanya nini, na nini kimebaki

Sitaki kuandika kana kwamba Benki Kuu imelala. Aprili 2020, enzi ya mtangulizi wako Dkt. Patrick Njoroge, mlizuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina ya watu kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo (CRB), na mkaamua kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisimchafulie mtu jina huko. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa, na kanuni za Machi 2022 zikawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni. Zikawakataza vitisho na matusi. Zikawakataza kuchukua majina yaliyo simuni mwa mkopaji na kuwaandikia jamaa zake. Kabla ya hapo bibi aliyeko milima ya Gwassi angeweza kupigiwa simu na mtu asiyemjua, akitukanwa kwa deni la mjukuu. Tulilipokea badiliko hilo kwa shukrani.

Kanuni hizo zilishika hasa namna ya kudai. Sasa shikeni namna ya kutoa, maana deni baya huzaliwa siku linapotolewa.

Wenzetu wamekwisha kulijaribu. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2009, asiyefika miaka 21 hapewi kadi ya mkopo mpaka aonyeshe kipato chake mwenyewe cha kulipia, au awe na mtu mzima wa kumdhamini. Sheria hiyo pia ilizikataza kampuni kuwavuta wanafunzi wa vyuo kwa zawadi ili wajaze fomu za kadi. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mikopo ya mwaka 2005, mahakama inaweza kumwondolea mkopaji deni lililotolewa bila kupima uwezo wake wa kulipa. Nchi hizo hazikuwafungia vijana mlango wa mikopo. Zilimtaka mwenye pesa afanye kazi yake kabla ya kuzitoa.

Tunayoomba

Kwanza, kila mkopo wa kwanza kwa kijana aliye chini ya miaka 25 utanguliwe na maswali mawili: unapata pesa kutokana na kazi gani, na unapata lini. Hata simu ndogo ya kabambe ina vibonye vya kutosha kuyajibu. Tarehe ya kulipa ifuate majibu hayo. Mvuvi wa omena asipangiwe siku ya mbalamwezi, na katika miezi ya kufunga uvuvi apewe nafasi ya kulipa kidogo kidogo bila ada kupanda.

Pili, kiwango cha kukopa kisiongezwe mpaka mwenyewe aombe, na kabla ya kukiongeza mkopeshaji ahesabu madeni mengine aliyonayo kijana huyo kwingine.

Tatu, bei itajwe kwa asilimia, na anayekopa mia tano asitozwe kwa kiwango kinachozidi cha anayekopa elfu sabini. Kijana aliyelipa vizuri kwa mwaka mzima apunguziwe bei. Leo malipo ya uaminifu wake ni deni kubwa zaidi.

Nne, deni lisimeze kila shilingi inayoingia. Sehemu ibaki ya chakula, na pawe na mfuko wa michango ndani ya laini ambao deni la mtu binafsi haliugusi, ili pesa za matanga na za hospitali zifike zilikotumwa.

Tano, pesa za mkopo zisilipie kubeti. Uingereza ilipiga marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo tangu Aprili 2020. Hapa kwetu kijana anaweza kuwa na salio sufuri, akakopa kwa kubonyeza mara moja, na pesa hizo zikaishia kwa kampuni ya kamari. Mlango huo ufungwe kwa watu wa rika zote.

Na mkopeshaji aliyetoa pesa bila kuuliza wala kupima, asiwe na haki ya kumpeleka kijana CRB kwa deni hilo.

Najua wakopeshaji watasema mikopo midogo ina gharama kubwa na hatari kubwa. Kuhusu gharama, kazi yenyewe hufanywa na mashine, na mashine haichoki kwa kuuliza maswali mawili. Kuhusu hatari, hupungua unapomjua mtu unayemkopesha. Wanachama wetu hulipa kwa sababu tunawajua na tumepanga nao.

Nanyi vijana wetu wa Sindo, Magunga, Nyandiwa na Mbita, sikuandika barua hii ili mpate kisingizio. Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna sheria itakayobadilisha hilo. Kopeni kwa kitu kitakachozaa: wavu, cherehani, ada ya chuo cha ufundi, omena ya asubuhi yenye mnunuzi wa jioni. Msikope kulipa deni lingine, na msikope kwa ajili ya mkeka wa kubeti. Nanyi wazazi, mkimlipia mtoto deni lake, ketini naye kwanza mfungue simu pamoja, mjue ni kiasi gani, kwa nani, na linaongezeka kwa kiasi gani kila siku. Wengi wa watoto wetu hawajawahi kufanya hesabu hiyo hata mara moja.

Mheshimiwa Gavana, ninamalizia kwa mwaliko. Kabla ya kutunga kanuni nyingine za mikopo, watume maafisa wako Sindo. Waje wakati wa mbalamwezi, maana ndipo wavuvi huwa nchi kavu na wana nafasi ya kuongea. Tutawaita vijana wenyewe, wenye boti, wauzaji wa omena, waendesha bodaboda, pamoja na kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU). Kila mmoja aje na simu yake, asome deni lake kwa sauti, aeleze alilipataje. Maafisa wako waandike wanayoyasikia, kisha kanuni zitungwe kutokana na maandishi hayo.

Tunasubiri jibu lako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu, kikundi cha akiba na mikopo cha kina mama,
Sindo, Kaunti ya Homa Bay